Ukuta Uliobaki Tongoni

Mwanangu Saumu,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi. Hapa naanza na jambo lenyewe, kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitazunguka na habari za afya na mvua mpaka karatasi iishe, kisha niikunje niseme nimekuandikia.

Umeondoka asubuhi kwenda Maramba kumuaga mama yako mkubwa, na tayari nyumba imekuwa kubwa. Saa saba nilipopakua wali nilijikuta nimetoa sahani mbili. Moja nikairudisha kabatini, halafu nikaitoa tena nikafunikia mchuzi. Nadhani hivyo ndivyo nitakavyoishi hii miaka mitano, nikiitafutia kazi ile sahani ya pili.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutomwachia mtu usiyemjua sanduku lako, mama yako mkubwa atakuwa ameshayasema yote, na mengine ameyasema mara tatu. Sitayagusa. Mimi nina jambo moja tu la kukwambia kabla hujaondoka kesho kutwa, na nimelichelewesha miaka minane.

Unakumbuka ulipoomba nafasi ya kwenda kusoma Pune, kule India, uliniletea insha yako niitazame Kiingereza chake. Uliandika kwamba ulipokuwa na miaka kumi na mmoja nyumba ya bibi yako kule Tongoni ilianguka kwa chumvi ya bahari na kwa chokaa mbovu, ukabaki ukuta mmoja tu, ule wa nyuma upande wa jikoni. Ukaandika kwamba umeuchora ukuta ule mara nyingi, na kila ukiuchora unajiuliza kwa nini huo, kwa nini si mwingine. Ukamalizia kwamba unataka kusomea usanifu wa majengo ili siku moja uweze kujijibu.

Nilisahihisha vitenzi viwili na koma moja. Nikakurudishia nikasema, "Imekaa vizuri."

Saumu, jibu la swali lako ninalo mimi. Nilikuwa nalo siku ile, kalamu nyekundu mkononi. Wewe unavuka bahari kwenda kulitafuta, na mwenye jibu mmekula naye meza moja kila siku. Nyumba ya bibi yako haikuangushwa na chumvi wala na chokaa ya Mzee Mbwana. Niliiangusha mimi.

Nivumilie nieleze kwa utaratibu. Mimi ni mwalimu, sijui njia nyingine.

Wewe ulikuwa mdogo mno kuijua miaka ile ya uhaba. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na saruji kwa kibali. Mtu akipata kibali cha mifuko miwili, habari zake zilifika Pangani kabla yake. Kwa hiyo huku pwani watu walirudi kwenye chokaa, na mwenye chokaa yake alikuwa Mzee Mbwana. Alipanga magogo kwa duara, akapandisha mawe ya matumbawe juu yake, akachoma. Mawe yakishaiva aliyamwagia maji yakafumuka unga, na unga ule akaulaza shimoni ukiwa umelowa, miezi na miezi. Watu wakimhimiza alisema, "Chokaa ni kama posa. Ukiharakisha utaoa matatizo."

Nyumba ya bibi yako aliijenga baba yake Mbwana, na Mbwana mwenyewe ndiye aliyeitunza. Kila baada ya masika alikuja na mwiko wake, akabandua palipochoka, akapiga lipu nyingine ya chokaa. Tangu nikiwa mtoto nimemwona akifanya hivyo. Sikuwahi kumuuliza kwa nini lipu ile ichoke kila mwaka. Niliona ni udhaifu wake.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya Usagara yaliyokuwa na rafu tupu na kiberiti kimoja yakajaa. Bwana Yusufali, yule mwenye duka la vifaa, aliniona napita akaniita kutoka ndani.

"Mwalimu! Ingia, ingia. Leo hakuna kibali, hakuna barua ya bwana mkubwa. Wewe taka tu."

"Hata saruji?"

"Taka saruji, pata saruji! Mimi mwenyewe sijazoea. Kila asubuhi nafungua mlango natazama kama bado iko."

Sijui nikuelezeje furaha ya mtu aliyenyimwa kitu miaka mingi, halafu kikawekwa mbele yake. Haulizi kitu kile kinafaa wapi. Nilichowaza ni mama yangu. Mwanawe mwalimu, na nyumba yake bado inabanduka kila mwaka kama gamba la nyoka. Nikachukua mifuko, nikachukua mafundi wawili wa mjini, tukaenda Tongoni siku ya Jumamosi.

Mzee Mbwana alikuwa ameshafika na mwiko wake, ilikuwa baada ya masika. Akaitazama mifuko, akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Mwalimu, hiyo nyumba yapumua. Waiziba pua."

"Mzee wangu, ukuta hauna pua."

Mafundi wakacheka. Mmoja akasema, "Labda una masikio, mzee. Uunong'oneze pole."

Hakukasirika. Alimgeukia bibi yako aliyekuwa amekaa kibarazani akipeta mchele. "Dada, mimi nimesema. Shahidi yangu wewe."

Bibi yako akasema, "Nimesikia, Mbwana. Lakini mtoto kaleta."

Maneno hayo mawili, mtoto kaleta, nimeishi nayo kuliko aya yoyote niliyohifadhi. Alimwamini Mbwana. Aliijua nyumba yake. Ila mwanawe kaja na zawadi, atamrudishaje?

Tulipiga lipu ya saruji mbele na ubavuni kote, nje na ndani. Tulipofika nyuma, upande wa jikoni, saruji ikaisha. Nikasema nitamalizia likizo nyingine. Ukweli ni kwamba upande ule hauonekani barabarani.

Sasa hapo jibu lako unalo. Lakini wewe si mtu wa kuridhika na nusu, kwa hiyo nakueleza na sababu yake.

Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, hayahitaji wa kuyavuta. Huwezi kuyazuia, unachoweza ni kuyapa mahali pa kutokea. Chokaa huyapa. Maji yakipanda kidogo, upepo unayanywa kupitia kwenye lipu, na chumvi inabaki nje kama ule unga mweupe ambao bibi yako aliufagia kwa ufagio wa chelewa kila Ijumaa. Lipu inachakaa, unaibandua, unapiga nyingine. Kazi ya lipu ya chokaa ni kufa badala ya ukuta. Lile nililoliona udhaifu ndilo lililokuwa kazi yake.

Saruji haitoi nafasi hiyo. Maji yakikosa pa kutokea huendelea kupanda, na kila yanapopanda huchukua chumvi kwenda nayo ndani ya ukuta. Chumvi ikikauka huvimba, na ikivimba huvunja. Nje unaona ukuta laini, mgumu, wa kisasa, na majirani wanausifia. Ndani unageuka mchanga.

Angejua wapi, utasema. Baba alifanya kwa mapenzi, hakujua. Saumu, kama ningekuwa sikujua nisingekuandikia barua, ningekusimulia tu siku moja tukacheka.

Mwaka uliofuata nilikuwa nafundisha kidato cha pili somo la maji kupanda kwenye vinjia vyembamba. Nilikuwa na jaribio langu la miaka yote: kipande cha chaki unakisimamisha kwenye kisosi cha wino, wino unapanda. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, ukiipaka nta ubavuni, je?" Swali zuri. Tukasimamisha chaki mbili, moja tupu na moja imepakwa nta ya mshumaa, tukaziacha mpaka kesho yake. Ile tupu wino wake ulikuwa umeishia karibu na katikati. Ile ya nta ilikuwa bluu mpaka utosini.

Wanafunzi wakaandika kwenye madaftari. Mimi nilisimama na chaki ile mkononi, nikauona ukuta wa mama yangu.

Kwa sababu nilikuwa nimeshauona, unanielewa? Masika ile chumba chake kilikuwa na unyevu kuanzia sakafuni mpaka begani. Kanga zake sandukuni ziliota ukungu. Aliniambia, "Rajabu, ukuta walia," nikamjibu kuwa lipu mpya hutoa jasho kwanza, itazoea. Baada ya chaki ile nilijua haitazoea. Na dawa yake niliijua: nyundo na patasi, siku nne za kubandua, halafu umwite Mzee Mbwana.

Hapo penye kumwita Mzee Mbwana ndipo niliposhindwa. Nilijiambia nitakwenda likizo. Likizo ikaja nikapata karatasi za kusahihisha. Ikaja nyingine, mama yako akawa mgonjwa, na hiyo nilikuwa na haki nayo. Lakini nilikuwa nimeshapoteza moja kabla yake na nikapoteza nyingine baada ya kumzika. Kila nilipokwenda Tongoni nilikaa kibarazani, mgongo kwenye ukuta, nikahisi baridi yake ikipita kwenye shati. Sikugeuka kuutazama.

Siku nyumba ilipoanguka bibi yako alikuwa kwa jirani kwenye hitima. Hilo Mungu alinisitiri, na ninamshukuru hadi leo. Wewe ulikuja na mimi kesho yake, unakumbuka matope. Kuna kitu ambacho wewe hukukiona, au ulikiona hukujua maana yake. Ile lipu yangu ya saruji ilikuwa imelala chini kipande kizima, kama mlango, haikupata hata ufa. Nyuma yake mawe yalikuwa yamekuwa makombo unayoweza kuyachota kwa kijiko. Na ncha za boriti zilizoingia ukutani zilikuwa nyeusi, laini kama mkate uliolowa.

Na ule wa nyuma ulikuwa umesimama, na chokaa yake ya kubanduka.

Jioni ile wazee walikusanyika barazani. Mmoja akasema chokaa ya Mbwana ilikuwa mbichi. Mwingine akasema tangu azeeke anachoma haraka. Mzee Mbwana mwenyewe alikuwepo, amekaa mwisho wa jamvi. Hakujitetea. Alikuwa ananitazama. Wakaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Wasemaje?"

Nikasema, "Nyumba za chokaa zimepitwa na wakati."

Sikumtaja mtu. Sikusema uongo hata neno moja, ukitaka kunitetea. Lakini tangu siku ile hakuna aliyemwita Mzee Mbwana. Alichoma tanuri moja zaidi, haikununuliwa, mvua ikaila. Ndiyo maana wewe umekua ukijua kwamba mzee yule wa karibu na msikiti ndiye aliyeharibu nyumba ya bibi, na ndiyo maana hujawahi kwenda kumpa shikamoo. Hukufundishwa na mtu kumchukia. Ulifundishwa na kimya changu.

Bibi yako tulimleta hapa Usagara, mkalala chumba kimoja. Utakumbuka tabia yake ya kuweka kiganja ukutani asubuhi, kisha kukinusa. Wewe ulidhani ni uzee. Alikuwa anatafuta harufu ya nyumba yake. Siku moja, wewe ukiwa shuleni, aliniuliza.

"Rajabu. Ule ukuta wa jikoni wasimama?"

"Wasimama, mama."

"Mbona wenyewe tu?"

Nikamwambia, "Mungu ndiye ajuaye."

Akasema, "Ndiyo. Yeye ajua." Akaendelea kusuka ukili wake. Hakuuliza tena mpaka tulipomzika. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiuliza au alikuwa ananifungulia mlango. Jibu nililokuwa nalo mimi nilimtwisha Mungu, na yule mama akaniachia niondoke nalo.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Naona unakwenda kusomea kazi ambayo mtu akikosea, anayelala ndani ni mwingine. Watakufundisha mengi ambayo mimi siyajui. Mimi najua moja dogo: kosa langu la saruji lilikuwa kosa la siku moja, na lingerekebishwa kwa siku nne. Lililoangusha nyumba ni ile miaka ya kujua na kukaa kimya. Na elimu haikunisaidia, mwanangu. Iliniwezesha kupata sentensi nzuri ya kujifichia. Mtu asiyesoma angebabaika pale barazani, watu wangemgundua.

Wiki iliyopita nilikuaga nikasema nakwenda kutazama minazi. Nilikwenda kwa Mzee Mbwana. Nilikuwa nimejipanga kumwambia. Nilimkuta amekaa nje, macho yake sasa yanaona kivuli tu, lakini kwa sauti alinijua.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Mwalimu. Umepotea kama sukari ya enzi zile." Akanipa kiti. "Nasikia mjukuu wangu aenda Bara Hindi kusomea majumba."

"Ndiyo, mzee."

"Kuyajenga ama kuyachora?"

"Kuyachora. Watajenga wengine."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hapo kachagua. Yakianguka alaumiwe fundi."

Sikuweza kucheka, na sikuweza kusema nililokwenda kusema. Nilikaa pale na miaka yangu sitini na mbili kama mtoto aliyevunja mtungi. Akamwita mkwewe alete mkebe. Ule mkebe wa maziwa ya unga uliouona juu ya kabati ukaniuliza una nini, nikakwambia ni dawa ya mimea. Si dawa. Ni chokaa.

"Mpe mjukuu wangu," alisema. "Yalala shimoni tangu mwaka ule wa saruji yako. Niliilaza kwa ajili ya nyumba ya mama yako, nikajua siku moja Mwalimu ataniita."

Nikaupokea. Nikasema ahsante. Nikarudi na gari la saa nane, mkebe mapajani, na bado sikuwa nimesema.

Saumu, nilipoanza barua hii leo baada ya sala ya alasiri, nia yangu ilikuwa niisokomeze katikati ya nguo zako uisome ukiwa huko. Nimefika ukurasa huu nimejiona. Hiyo ni kupaka ukuta wa barabarani na kuuacha wa nyuma tena: kumwambia mtu jambo akiwa mahali asipoweza kukujibu. Kwa hiyo nitakupa mkononi kesho ukishuka kutoka Maramba, kabla hujavua viatu, na utaisoma mimi nikiwa chumba hiki hiki. Useme utakalosema. Ukinyamaza pia nitaelewa, kunyamaza mimi ndiye mwalimu wake.

Gari la Pangani linapita saa saba. Ningependa twende pamoja Tongoni. Utampa Mzee Mbwana shikamoo yake ya miaka minane, na mimi nitasema mbele yako, na mbele ya wale wa barazani waliobaki, ni nani aliyeangusha nyumba. Naogopa. Naogopa uso wako zaidi kuliko wa kwao, kwa sababu uso huo utaondoka kesho kutwa, na nitakaobaki nao hapa ni ule wa mwisho nitakaouona. Kama hutaki kwenda na mimi, nitakwenda mwenyewe. Hilo halikungoji wewe tena.

Insha yako usiibadilishe. Swali lilikuwa zuri, hata kama jibu lilikuwa karibu. Huko watakuuliza siku moja, na wewe utawaambia kwa majina: baba yangu Rajabu aliipiga nyumba saruji, Mzee Mbwana wa Tongoni alimwonya.

Mkebe nimeuweka mezani, juu ya daftari lako la michoro. Pembeni yake kuna kisosi cha wino na chaki mbili zimesimama ndani yake. Moja nimeipaka nta. Mpaka utakapofika zitakuwa zimemaliza kusema. Zitazame hizo kwanza, ndipo unitazame mimi.

Nakungoja,
Baba yako